Fidia ya Mfanyakazi na Sanduku la Chama

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa wanachama wa Kitale na Bungoma



Halmashauri imetuagiza tueleze jambo lililoonekana katika daftari la misaada. Sehemu ya fedha zetu za ugonjwa na mazishi imekuwa ikitumika kuwasaidia watu walioumia kazini, ilhali watu hao walikuwa na haki ya kulipwa na mwajiri wao kwa njia ya bima. Tulipouliza sababu, tuliona kwamba bima ama haikuwapo kabisa, ama ilikuwapo kwa jina tu, kwa kuwa mwenye kazi alificha idadi ya watu wake au mishahara yao ili alipe ada ndogo. Wala jambo hili halitendwi na wageni peke yao. Miongoni mwa wenye viwanda vya mbao, mashine za kusaga, gereji na kazi za ujenzi wamo ndugu zetu tunaoketi nao hapa leo.

Tuanze na kisa kimoja, bila kumtaja mtu. Kijana wa mwanachama mmoja alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kupukuchua mahindi, upande wa Kitale, wakati wa mavuno. Mkono wake ulinaswa na mkanda wa mashine, akapoteza vidole vitatu. Tukafanya mchango. Mwenye mashine alifika, akatoa shilingi 5,000, nasi tukampigia makofi na kumwita mtu mwenye utu. Hakuna aliyemwuliza habari ya bima. Baadaye ndipo ilipojulikana kwamba cheti cha bima kilikuwa kimetundikwa ukutani siku zote, lakini karatasi zake zilionyesha watu wawili tu, karani na mlinzi, hali waliofanya kazi pale walikuwa tisa. Yule kijana hakuwamo. Lawama ni yetu pia, kwa maana tulimshukuru mtu kwa kutoa sehemu ndogo ya deni lake mwenyewe.

Basi, sheria yasemaje? Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini, ambayo wengi huiita WIBA, ilitungwa mwaka 2007 ikaanza kutumika mwaka 2008, ikachukua mahali pa sheria ya zamani ya fidia ya wafanyakazi, yaani Sura ya 236. Baadhi ya vifungu vyake vilipingwa mahakamani na chama cha mawakili, na shauri likachukua miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ilipotoa hukumu mwezi wa Desemba 2019 na kuiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kutuambia kwamba sheria hii ingali mashakani.

Sheria hiyo yamlazimisha kila mwajiri kuwakatia bima wafanyakazi wake, na asiyefanya hivyo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa muda usiozidi miezi 3, au yote mawili. Yampasa pia kuweka daftari la mishahara. Mtu akiumia kazini, hatakiwi kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Yatosha kwamba ajali ilitokea kazini na kwa sababu ya kazi. Gharama za hospitali ni juu ya mwajiri. Akipata ulemavu wa kudumu, fidia yake huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96, kwa kadiri ya ulemavu uliopimwa. Akifa, wanaomtegemea hulipwa kwa hesabu hiyo hiyo ya miezi 96.

Huenda mzee mmoja akauliza: ada ya bima hupimwaje, na wizi waingia wapi? Mfano wa karibu ni chama chetu wenyewe. Kila mwanachama huandikisha watu wa nyumba yake, na mchango wake hufuata idadi yao. Tuseme mtu aandikishe watoto wawili hali anao sita, kisha siku ya msiba alete jina la mtoto wa tano. Tungemwambia nini? Bima ya wafanyakazi ni sanduku la namna hiyo hiyo. Mwajiri hutangaza idadi ya watu wake, aina ya kazi zao na jumla ya mishahara ya mwaka. Ada hutozwa kwa kila shilingi 100 za mishahara, na kazi ya hatari hutozwa zaidi kuliko kazi ya mezani. Mwaka ukiisha, hutakiwa kutoa taarifa ya mishahara iliyolipwa kweli, ili ada irekebishwe.

Udanganyifu hupitia milango ileile mitatu. Wa kwanza ni kupunguza watu na mishahara. Wa pili ni kubadili aina ya kazi, hata mkata mbao akaandikwa karani. Wa tatu ni kuwaita watu vibarua au wakandarasi wa kujitegemea, ingawa hufika kila asubuhi, huamrishwa na mwenye kazi, na hutumia zana zake. Neno kibarua limekuwa maficho makubwa. Lakini sheria ya fidia humtambua mfanyakazi kwa kuajiriwa kwake na kwa ujira anaolipwa. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja, mkataba wake huhesabiwa kuwa wa kulipwa kwa mwezi.

Tufanye hesabu, na mwanachama aliye na kalamu aandike. Viwango vya ada hutofautiana. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kiwango ni shilingi 2 kwa kila shilingi 100. Mwenye kiwanda cha mbao ana watu 10, kila mmoja akipata shilingi 20,000 kwa mwezi. Mishahara ya mwaka ni shilingi 2,400,000, na ada ni shilingi 48,000. Sasa bwana huyu aandika watu 4 tu, tena kwa shilingi 10,000 kila mmoja. Mishahara yawa shilingi 480,000, na ada yawa shilingi 9,600. Ameokoa shilingi 38,400, naye ajiona mwerevu.

Kisha msumeno wamkata mmoja wa wale wanne, na daktari apima ulemavu kuwa sehemu 30 katika 100. Kwa mshahara wake wa kweli, miezi 96 ni shilingi 1,920,000, na sehemu yake ni shilingi 576,000. Kwa mshahara ulioandikwa, ni shilingi 288,000. Pengo ni shilingi 288,000. Na kama aliyeumia ni mmoja wa wale sita wasioandikwa, kampuni ya bima yaweza kukataa kulipa hata senti. Hapo deni halifutiki. Lamrudia mwajiri mwenyewe, kwa kuwa sheria imemtwika yeye wajibu wa kulipa. Lakini mwenye mashine moja na mkopo wa benki atazitoa wapi shilingi 576,000? Atauza mashine, au atatoroka, au atakuja kwenye mchango na shilingi 5,000. Waswahili husema, mficha maradhi kilio humfichua.

Twaomba wazee waone ni nani hasa aliyeibiwa. Wengi hudhani ni kampuni ya bima, nao hawasikii huruma kwa kampuni. Lakini kampuni yapata hasara ndogo kuliko wote. Wa kwanza kuibiwa ni aliyekatika vidole. Wa pili ni mwajiri mwaminifu. Mkandarasi wa Bungoma anayewaandika waashi wake wote hana budi kutaja bei ya juu anapoomba kazi ya kujenga darasa, na yule anayewaficha hushinda zabuni. Wa tatu ni sisi, kwa kuwa pengo lile huzibwa na mjane anayeleta shilingi 200 zake za mwezi. Ile ada iliyofichwa hatimaye hulipwa na sanduku hili.

Yafaa pia tuwasikilize wenye biashara ndogo, maana si wote wenye nia mbaya. Wako wanaosema kwamba ada ni nzito katika miezi ambayo mahindi hayajauzwa au malipo ya miwa yamechelewa. Wako wanaokata bima kwa ajili ya zabuni tu, wasijue kwamba cheti chenye idadi ya uongo ni kama mwavuli wenye matundu. Na wako waliodanganywa wenyewe: walimpa fedha mkononi mtu aliyejiita wakala, wakapewa karatasi ya kughushi, na kampuni haikuwa na habari zao. Kwa hiyo twawashauri: hakikisheni kwamba wakala ana leseni ya Mamlaka ya Kusimamia Bima, lipeni kwa kampuni yenyewe, na mdai stakabadhi yake. Tangu mwaka 2011 kuna kikosi cha kuchunguza udanganyifu wa bima, chenye maofisa wa polisi, na mtu aliyeibiwa namna hii aweza kupeleka malalamiko yake huko. Naye anayetengeneza cheti cha uongo ajue kwamba kughushi hati ni jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 3.

Majirani zetu wa Tanzania walichagua njia nyingine. Tangu Julai 2015 waajiri wa huko huchangia mfuko mmoja wa taifa wa fidia kwa wafanyakazi, kila mmoja kwa kadiri ya mishahara anayolipa. Hata hivyo, mfuko wo wote unaopimwa kwa mishahara wahitaji daftari la kweli. Anayeficha jina la mtu katika daftari atamwacha mtu huyo nje, ikiwa sanduku ni la serikali au la kampuni.

Sasa twaleta mbele yenu maazimio manne.

Kwanza, kila mwanachama aliyeajiri watu, hata akiwa ameajiri mmoja, aionyeshe halmashauri hati yake ya bima pamoja na idadi ya kweli ya watu wake. Hatukuja hapa kuwaaibisha ndugu zetu. Twapendekeza wapewe miezi mitatu ya kurekebisha taarifa zao kwa kampuni zao, wala asiulizwe mtu habari za nyuma.

Pili, aliyeumia kazini aendelee kupewa msaada wa haraka, kwa maana damu haingoji mkutano. Lakini katibu amwandikie mwajiri barua siku ile ile, akimtaka alipe gharama za hospitali ambazo sheria imemtwika.

Tatu, wateuliwe vijana wawili wenye elimu, mmoja wa Kitale na mmoja wa Bungoma, wa kumsindikiza aliyeumia katika ofisi ya Usalama na Afya Kazini. Mwajiri hupewa siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi baada ya kupata habari ya ajali, na saa 24 ikiwa mtu amekufa. Naye aliyeumia asikae kimya, kwa sababu ajali isiyoarifiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12 yaweza kumpotezea haki. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuupinga. Twajua kwamba wengi huogopa kufukuzwa kazi wakidai. Ndiyo sababu twataka asiende peke yake.

Nne, mwajiri akileta mchango wake katika harambee ya mtu aliyeumia kwake, upokewe kwa heshima, lakini katibu aandike katika stakabadhi kwamba fedha hizo ni mchango, wala si fidia. Imetokea mara nyingi kwamba baba wa mgonjwa huwekewa karatasi mbele yake, akatia kidole gumba, kumbe amekiri kwamba hadai kitu tena.

Wazee wetu, chama hiki kilianzishwa ili mtu wetu asizikwe kama asiye na ndugu. Kazi hiyo tumeifanya, nasi twajivuna kwayo. Lakini sanduku letu ni dogo. Liliwekwa kwa ajili ya maradhi na misiba ambayo hakuna mtu mwingine anayedaiwa, wala halikuwekwa liwe bima ya mwenye kiwanda. Yule kijana wa vidole vitatu angali hana fidia yake, na miezi 12 haijatimia. Barua ya kumwarifu mwajiri wake rasmi tumekwisha kuiandika. Twaomba mkutano huu utupe ruhusa ya kuipeleka Jumatatu, tena twamwomba mwenye mashine, ambaye twamheshimu, atangulie kufika ofisini kabla yetu.