Kuhesabu Saa



Kijana mmoja wa ushirika wetu alikuwa akisoma chuo kikuu Nairobi, na pamoja na hayo akijifunza urubani katika uwanja wa Wilson. Baba yake aliuza ng'ombe watatu kulipa karo. Usiku mmoja kijana alikesha akijiandaa kwa mtihani, na alfajiri akaenda kurusha ndege. Mwalimu wake alimtazama macho, akasema, "Leo huruki. Rudi ukalale."

Alinijia akilia. "Mchungaji, nimemwaibisha baba."

Nikamjibu, "Sivyo, mwanangu. Leseni ya juu kabisa ya rubani wa abiria hudai saa 1,500 za kuruka, na kila saa huandikwa kitabuni. Hizo hazipatikani kwa kukesha. Rubani aliyechoka hana budi kusema kwamba amechoka, maana nyuma yake wameketi watu."

Katika Luka 14 Bwana Yesu anatufundisha kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Basi tukaketi na karatasi. Siku za kazi tukazipa masomo ya chuo, Jumamosi tukaipa ndege, na majuma ya mtihani asiruke kabisa. Baba yake alipoambiwa, alisema, "Ng'ombe waliuzwa ili uruke, si ili uanguke."

Ndugu msikilizaji, je, unabeba mizigo miwili? Kukiri uchovu si kukosa imani.

Tuombe. Ee Bwana, utufundishe kuhesabu saa zetu, na kupumzika bila aibu. Amina.