Kijana mwenye kamera si adui

Leo, hapa Kadutu, tuzungumze habari ya mpiga picha.

Wakati wa vita, kijana akionekana na kamera sokoni au penye wakimbizi, watu huuliza: "Nani amekutuma?" Mara nyingine anapigwa kabla hajajibu. Lakini tumsikilize kwanza.

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, mwana wa mfanyakazi wa reli, akakulia Dar es Salaam. Akiwa bado mwanafunzi alipata kamera ndogo, akaanza kuuzia magazeti picha. Kazi ya namna hiyo haina mshahara wa mwezi: picha ikinunuliwa unakula, isiponunuliwa unangoja. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix. Mwaka 1966 kazi hiyo ilimtia gerezani Zanzibar karibu mwezi mzima.

Alipotoka hakuiacha kamera. Mwezi wa 10 mwaka 1984 alifika Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Watu walikuwa wanakufa kwa njaa. Picha zake zilipoonyeshwa, misaada ilitoka pande nyingi za dunia. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimpotezea mkono wa kushoto. Akarudi kazini na mkono wa bandia. Alikufa tarehe 23 Novemba 1996, katika ndege iliyotekwa ikaanguka baharini karibu na Komoro.

Ndugu viongozi, kama Amin angepigwa hadi kufa kwa kushukiwa tu, nani angewaonyesha watu wale wa Korem? Mimi nimesoma sheria, nawaambia: Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 23, inampa kila mtu uhuru wa kutoa mawazo yake kwa neno, kwa maandishi na kwa picha, mradi aheshimu sheria, utulivu wa watu wote na adabu. Kifungu cha 18 kinasema anayekamatwa aambiwe mara moja sababu, tena kwa lugha anayoielewa, na asishikwe zaidi ya saa 48 bila kupelekwa mbele ya sheria. Hakuna mahali Katiba inapowapa watu wa barabarani fimbo.

Nawe mpiga picha, una wajibu. Mama aliyelala chini ya hema ana heshima yake. Omba ruhusa. Akikataa, teremsha kamera. Andika siku na mahali, maana picha ya zamani ikitembezwa kama ya leo huwasha kisasi.

Nasi sote, tukiletewa picha ya maiti kwenye simu, tuulize: imepigwa wapi? Lini? Na nani? Kama hakuna jibu, isitoke mkononi mwetu.

Amani ianzie nyumbani kwako.