Lugha ya Jirani na Karatasi ya Ardhi

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimetakiwa nieleze habari za lugha tunazozisema na zile tunazotamani kujifunza. Huenda mtu akadhani kuwa hili ni jambo la walimu peke yao. Mimi naona ni jambo la ardhi na la ujirani.

Jina la Kajiado lenyewe latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya mto mrefu. Lakini katika Kitengela ya leo wamo Wamaasai, Wakamba, Wakikuyu, Waluo, Waluhya na wengineo, walioletwa na biashara, viwanda vya Athi River na ukaribu wa Nairobi. Sokoni twasikilizana kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 imekitaja kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hiyo ni neema kubwa. Hata hivyo, Kiswahili cha kununulia sukari hakitoshi kuuzia shamba.

Wazee wetu wayajua haya. Mwaka 1911 viongozi wa Wamaasai walitia alama zao katika mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza, na kwa mkataba huo watu wakaondolewa Laikipia wakaletwa kusini. Mwaka 1913 baadhi yao walikwenda mahakamani kuupinga, wasifanikiwe. Aliyetia alama hakuweza kuisoma karatasi mwenyewe. Alitegemea kinywa cha mkalimani.

Nami nakiri kosa langu. Zamani, nilipokuwa karani katika ofisi moja, mzee mmoja aliniletea karatasi ya kukodisha ardhi. Nilimsomea kwa Kiswahili upesi upesi, naye akaitikia kwa kichwa, akatia kidole gumba. Yeye alifahamu malisho ya msimu mmoja. Karatasi ilisema miaka mingi. Aliporudi na kuona ua umezunguka kisima chake, hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Mwanangu, kwa nini hukuniuliza kama nimeelewa?” Swali hilo sijalisahau.

Siku hizi Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yataka mume na mke wote wawili waridhie kabla mali ya ndoa haijauzwa. Ni sheria njema. Lakini mama aliyeulizwa kwa lugha asiyoifahamu, je, ameridhia kweli?

Wapo wageni wasemao kuwa Kimaasai ni kigumu. Ni kweli kina ugumu wake: kwa kupanda na kushuka kwa sauti hutambulikana nani ametenda na nani ametendwa. Lakini mgeni anayejaribu, hata akikosea, humfurahisha mwenyeji wake. Nao watoto wetu waliozaliwa mjini, ambao hawawezi kumjibu nyanya yao kwa lugha yake, wanapoteza mali isiyonunulika tena. Mwacha mila ni mtumwa.

Kwa hiyo naleta mbele yenu mapendekezo matatu. Kwanza, chama kianzishe darasa la Jumamosi alasiri, wageni wafundishwe Kimaasai na wazee wetu, na wazee watakao wafundishwe kusoma Kiswahili na Kiingereza. Pili, mwanachama yeyote asitie sahihi wala kidole katika karatasi ya ardhi kabla haijasomwa kwa lugha ya nyumbani kwake, mbele ya mkewe au mumewe na shahidi mmoja. Tatu, msomaji amtake mwenye ardhi aieleze karatasi hiyo kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa kuieleza, kalamu iwekwe chini.

Kazi ya kusoma karatasi hizo najitolea kuifanya bila malipo, kila Jumamosi, pamoja na kijana yeyote ajuaye Kimaasai vizuri kunishinda. Hilo ndilo deni langu kwa yule mzee.