Hatua za Kwanza za Kupanga Kurasa kwa Kompyuta: Mada kwa Wananchi wa Kata ya Kabwe



Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kila mwenye mtumbwi na kila mchuuzi wa dagaa au migebuka alihitaji kujua mambo mawili kabla ya yote: ni siku zipi, na ni nini kinachokatazwa. Tangazo linaloficha mambo hayo katikati ya aya ndefu yenye herufi ndogo huwa limebandikwa, lakini halijasomwa. Ndivyo ilivyo pia kwa taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji, na kwa tangazo la mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwananchi asiyeiona tarehe ya mwisho huikosa haki yake sawa na yule ambaye hakupewa taarifa kabisa.

Zamani kupanga kurasa ilikuwa kazi ya kiwanda cha uchapaji, ambako mafundi walipanga herufi za risasi moja baada ya nyingine. Mwaka 1985 programu ya PageMaker iliwezesha mtu mmoja kuifanya kazi hiyo mezani kwake. Leo ipo Scribus, ambayo haidai ada ya leseni na hufanya kazi kwenye Windows na Linux. Shule au kikundi chenye kompyuta moja kinaweza kuanza nayo.

Tofauti yake na programu ya kuandikia barua ni hii: kwenye barua, maneno hutiririka kutoka juu hadi chini, kwenye Scribus, kila kitu hukaa ndani ya fremu yake, na mpangaji ndiye huamua fremu ikae wapi, kama nahodha anavyopanga mizigo kabla ya kung'oa nanga.

Hatua ya kwanza ni karatasi na kalamu. Mpangaji achore mahali pa kichwa cha habari, picha na maelezo. Karatasi moja ya A3 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne za A4: ukurasa wa 4 na wa 1 huwa upande mmoja, wa 2 na wa 3 upande wa pili. Kwa hiyo jarida la kukunjwa huwa na kurasa 4, 8 au 12, wala si 5.

Hatua ya pili ni kufungua waraka mpya wa A4, yaani milimita 210 kwa 297. Pambizo ziachwe milimita 15 kila upande, kwa kuwa printa nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni. Safu mbili zinatosha.

Hatua ya tatu ni maandishi. Yaandikwe na kuhakikiwa kwanza na mhusika, ndipo yaingizwe kwenye fremu. Yakizidi nafasi, alama ndogo hutokea pembeni chini ya fremu. Alama hiyo isipuuzwe, kwani sentensi inayopotea huwa ile ya mwisho, na mara nyingi ndiyo yenye tarehe au jina la ofisi. Fremu huunganishwa na nyingine ili maandishi yaendelee, au maneno hupunguzwa.

Hatua ya nne ni herufi. Aina mbili zinatosha: moja ya vichwa, moja ya maelezo. Maelezo ya jarida yawe na ukubwa wa pointi 11 au 12. Tangazo la ubaoni lihitaji herufi kubwa zaidi, maana husomwa na mtu aliyesimama.

Hatua ya tano ni picha. Scribus haiimezi picha. Hukumbuka tu mahali ilipohifadhiwa. Picha ikibaki kwenye flashi ya mtu mwingine, ukurasa utakuwa na pengo. Faili zote zikae kwenye folda moja. Picha iliyopitia WhatsApp hupunguzwa ubora, hivyo iombwe ile halisi. Kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi, picha yenye upana wa nukta 1,000 hutosha sentimita 8 na nusu tu.

Hatua ya mwisho ni kutoa faili la PDF na kuchapa nakala moja ya majaribio. Nakala nyingi hurudufiwa kwa wino mweusi, na humo rangi nyekundu na ya kijani huweza kufanana. Jambo muhimu lisitegemee rangi peke yake. Kazi ihifadhiwe kila baada ya dakika chache, kwa sababu umeme haupigi hodi unapoondoka.

Ndugu wananchi, zoezi la kwanza liwe ukurasa mmoja wa mapato na matumizi ya kijiji, kabla ya mkutano mkuu unaofuata. Kabla ya kuubandika, apewe mtu ambaye hakuuandika na aulizwe: kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimetoka, na mwenye swali aende kwa nani? Akitafuta majibu kwa muda mrefu, kosa si lake. Ukurasa urudi mezani ukapangwe upya.