Mahojiano ya Kazi na Mahojiano ya Ukimbizi ni Mambo Mawili

(Mazungumzo na wanafunzi wa Nakivale, Uganda, wanaotafuta nafasi za mafunzo ya kazi)



Tangu mlipoanza kuandika barua za kuomba mafunzo ya kazi, yale ambayo ndugu zetu wa Kongo huyaita staji, mmekuwa mkiuliza jambo moja: "Tukiitwa kwenye mahojiano tutajibu nini, nasi hatujawahi kuajiriwa popote?" Nimekaa mara nyingi upande wa wanaouliza, na nitawaeleza yale ninayoyaona kutoka upande huo wa meza.

Tuanze na neno lenyewe. Hapa kambini mtu akisikia "mahojiano" moyo unashtuka. Anakumbuka meza ya afisa, mkalimani pembeni, maswali ya tarehe na majina ya vijiji, na swali lile lile likirudi kwa njia nyingine. Katika mahojiano yale unaeleza uliyotendewa: nani alikufukuza, lini, na kwa nini huwezi kurudi. Ndivyo inavyopasa, kwa maana afisa yule anataka kujua kama unahitaji ulinzi. Shirika au kampuni inayokuita kwa mafunzo ya kazi inatafuta habari nyingine kabisa. Inataka kujua wewe ulitenda nini.

Taabu ni kwamba vijana wetu huenda kwenye meza hii ya pili na desturi ya meza ile ya kwanza. Kijana anaulizwa, "Tueleze wakati ulipokutana na tatizo gumu, ukafanya nini?" Naye anaanza: "Mwaka 2012 vita vilipofika kwetu Rutshuru tulikimbia usiku..." Anaeleza njia ya Bunagana, mvua, mama aliyepotea, mdogo wake mgonjwa. Dakika tano zinakwisha. Wanaomsikiliza wameinamisha vichwa, labda mmoja anafuta machozi. Wanamshukuru, anatoka, na nafasi anapewa mwingine. Mnadhani hawakumhurumia? Walimhurumia. Lakini mbele yao ipo karatasi yenye mahali pa kuandika: mwombaji alifanya nini, kwa njia gani, na nini kilipatikana. Huruma haina alama kwenye karatasi ile.

Nami nasema pia kwamba hakuna anayewalazimisha kufungua kidonda kwa ajili ya nafasi ya miezi miwili. Mkiulizwa habari za kukimbia, inatosha kusema, "Nilifika Uganda mwaka fulani, tangu hapo nasoma," kisha ongezeni habari ya masomo. Wengine mnaogopa kwamba mkisema neno tofauti na lile lililo kwenye faili, mtaharibikiwa. Mwajiri hana madaraka juu ya hadhi yako ya ukimbizi. Hapa Uganda jambo hilo ni la serikali, kupitia idara ya wakimbizi ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Semeni kweli kwa sababu ni kweli, lakini msikae pale mkitetemeka kama watu waliorudishwa mbele ya afisa wa hadhi.

Sasa, kwa nini wanauliza mambo yaliyopita? Wakati wa Vita Kuu ya Pili, John Flanagan, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alikuwa miongoni mwa waliotafuta njia ya kuwachagua marubani wa kijeshi. Yeye na wenzake waliona kwamba ukimwuliza mtu rubani mzuri ni yupi, utapata sifa tupu: jasiri, hodari, mwenye akili. Ukimwomba aeleze tukio moja alilolishuhudia, rubani alifanya nini na ikawaje, unapata jambo la kupima. Flanagan aliandika juu ya njia hiyo mwaka 1954, na baadaye watu wa kuajiri wakafuata wazo kama hilo kwa waombaji wa kazi. Ndiyo maana hawakuulizi, "Je, wewe ni mwaminifu?" Nani angejibu hapana? Wanasema, "Tueleze siku uliposhika fedha au mali isiyo yako."

Mtaniambia, "Sisi hatukushika kitu." Si kweli hata kidogo. Nani aliyemfuata bibi hospitalini akamtafsiria kwa daktari asiyejua Kiswahili? Nani anaandika majina ya wanaochanga kwenye likelemba ya mama yake, na siku mmoja asipoleta mchango, nani anaenda kumwona? Nani aliyepanga madumu kwenye bomba siku maji yalipotoka saa moja tu? Nani anafundisha hesabu wadogo zake na watoto wa jirani chini ya mwembe? Hayo yote ni majibu. Mnayadharau kwa sababu hamkulipwa, lakini anayewauliza mwanafunzi hategemei mshahara wa nyuma. Anajua ninyi ni wanafunzi.

Lakini namna ya kueleza ina maana kubwa. Chukueni mfano wa kubuni wa msichana wa Senior Four. Anaulizwa juu ya kufanya kazi na wenzake, naye anajibu: "Darasani kwetu tulikuwa na shida ya vitabu, tukashirikiana vizuri, tukaishinda." Ni jibu la adabu, na wanaomsikiliza hawakupata kitu. Sasa msikieni akilisema tena:

"Darasa letu lilikuwa na vitabu 4 vya biolojia kwa wanafunzi 60. Mimi nilikuwa kiongozi wa darasa, na mwalimu aliniachia vitabu hivyo nivitunze. Niligawa darasa makundi 4 ya watu 15, nikaandika zamu kwenye daftari, na kila aliyechukua kitabu alitia sahihi. Wiki ya pili wanafunzi wa upande wa Juru walikataa, kwa kuwa zamu yao iliangukia jioni nao hutembea mbali. Nilikaa nao, nikaona wana haki, nikawapa Jumamosi na Jumapili. Mwisho wa muhula vitabu vyote 4 vilirudi. Siku hizi sipangi zamu kabla ya kuuliza kila mtu anakaa wapi."

Mmeona? Hali ilivyokuwa ameisema kwa sentensi moja. Wajibu wake, sentensi moja. Kisha amekaa kwenye hatua zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, pamoja na mahali mambo yalipokwama. Matokeo ni madogo lakini yanahesabika. Hakusema aliokoa shule. Kwa mawazo yangu sehemu ya wanafunzi wa Juru ndiyo yenye thamani kuliko zote, maana inaonyesha mtu anayesikiliza akabadilisha mpango wake.

Najua linalowasumbua hapa. Tumelelewa kwamba mtu wa "mimi, mimi" hana adabu, na mbele ya wakubwa kijana husema "sisi". Lakini anayeuliza hawezi kuwapa nafasi "sisi" wote. Anataka kujua mkono wako ulikuwa wapi. Basi wapeni wenzenu sehemu yao, halafu mtaje yenu: "Wenzangu walikusanya michango, mimi niliandika hesabu." Hapo hakuna majivuno. Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa ulitangaza maadili 4 ya wafanyakazi wa Sekretarieti yake, na unyenyekevu ni mojawapo, pamoja na uadilifu, utu na kujumuisha watu wote. Lakini unyenyekevu na kuficha kazi yako ni vitu viwili.

Swali la ugomvi linahitaji uangalifu zaidi. Mara nyingi huulizwa: "Tueleze ulipotofautiana na mwenzako." Nakivale tunakaa Wakongo, Wanyarwanda, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na ugomvi wa bombani hugeuka upesi kuwa ugomvi wa makabila. Ukieleza, sema "jirani yangu" au "mwanafunzi mwenzangu". Usitaje kabila lake, wala usiseme "unajua watu wale walivyo." Neno hilo moja likitoka, wanaosikiliza watajiuliza utakavyowahudumia watu wale kesho, na watakuwa na haki ya kujiuliza. Eleza mlitofautiana juu ya nini, ulimwambia nini, mlipatana wapi. Kama hamkupatana, sema mlimwendea nani.

Msikope kisa cha mtu mwingine. Kisa cha kukopa husimama kwenye swali la kwanza na kuanguka kwenye la pili. Watauliza: "Mlikuwa wangapi? Daftari lilikaa kwa nani? Yule aliyekataa alisema maneno gani?" Aliyekuwapo hujibu bila kufikiri. Asiyekuwapo huanza kutazama dari.

Juu ya lugha: hapa Uganda mara nyingi mtahojiwa kwa Kiingereza, na wengi wenu mlianza shule kwa Kifaransa. Tengenezeni kisa kwanza kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani mpaka kinyooke. Kisha kisemeni kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi fupi. Msikariri neno kwa neno, maana neno moja likipotea mtasimama. Usipoelewa swali, omba lirudiwe. Ukihitaji kufikiri, sema "naomba nafasi kidogo nifikiri," ukae kimya. Kimya cha nusu dakika hakimfukuzi mtu.

Nyumbani chukueni daftari, andikeni visa 5 au 6 vya kweli: kimoja cha kufanya kazi na wengine, kimoja cha ugomvi, kimoja cha kushika mali au siri ya watu, kimoja cha kujifunza jambo upesi, na kimoja cha jambo lililokushinda. Hicho cha mwisho wengi hukikimbia wakisema, "Mimi sijawahi kushindwa." Hakuna anayeamini. Chagueni jambo la ukubwa wa kawaida, mseme lilivyokwenda vibaya na mlichobadilisha baada ya hapo. Kisa kimoja kinaweza kujibu maswali mawili au matatu, kwa hiyo msihangaike kutafuta visa 20.

Maneno mawili ya mwisho ni ya vitendo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, kwa hiyo msiingie kama watu wanaoomba kuvunja sheria. Chukueni kitambulisho cha mkimbizi, barua ya shule na nakala za vyeti, na kama mahojiano yako Mbarara, ondokeni mapema, maana mnaijua barabara yetu wakati wa mvua. Jambo la pili: nafasi za mafunzo haziuzwi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa hayatozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Mtu akikudai fedha, au akikuita peke yako usiku "kumalizia mahojiano", usiende, uwe msichana au mvulana. Mwambie mzazi au mwalimu, kisha toeni taarifa kwa shirika lenyewe au kwa polisi.

Sasa wazazi wakae upande huu, na wanafunzi mgawanyike wawili wawili. Mmoja aulize: "Tueleze siku ulipokabidhiwa kitu cha watu." Mwingine ajibu kwa dakika 2. Kazi ya anayeuliza ni moja tu: kila akisikia "tulifanya", amkatize aulize, "Wewe ulifanya nini?" Wenye simu washike saa. Kisha mtabadilishana.