Lazaro wa Ndani ya Nyumba
Jumapili ya 26 ya Mwaka C, 28 Septemba 2025
Masomo: Am 6:1, 4-7, 1 Tim 6:11-16, Lk 16:19-31



Injili ya leo inatuwekea mbele ya macho watu wawili na mlango mmoja. Ndani ya mlango yumo tajiri aliyevaa mavazi ya thamani, anayekula na kusaza kila siku. Nje ya mlango amelala maskini mwenye vidonda mwili mzima, anayetamani walau makombo. Tajiri hakupewa jina. Maskini anaitwa Lazaro, maana yake Mungu amesaidia. Na kati ya hao wawili Mwinjili Luka anataja viumbe ambao tukisoma huwa tunawapita haraka: mbwa, waliokuja wakavilamba vidonda vya Lazaro.

Tajiri huyu alikosa nini? Injili haisemi kwamba alimpiga Lazaro, wala kwamba alimfukuza mlangoni pake. Tena hatuwezi kusema kuwa hakumjua, kwa maana akiwa katika mateso anamwomba Abrahamu amtume Lazaro, akimtaja kwa jina. Alimjua vizuri. Kosa lake ni kwamba alimzoea. Alimruka asubuhi akitoka, akamruka jioni akirudi, hata maumivu ya mwenzake yakawa kama kizingiti cha nyumba.

Tukisikia Injili hii, wengi wetu tunamfikiria ombaomba wa stendi ya mabasi au wa mlango wa kanisa. Ni vema tumfikirie. Lakini leo nawaomba mnifuate mahali pengine. Tuingie ndani ya nyumba, mpaka chumbani, maana wakati mwingine Lazaro halali nje ya mlango. Amelala kitandani petu.

Katika kijiji kimoja cha uwanda wa Makonde, upande wa Newala, yupo mzee mmoja na mkewe. Wameniruhusu niwasimulie habari yao, ila majina nayahifadhi. Mama huyo alikuwa mkulima hodari. Mbali na mikorosho na mihogo ya shambani, alikuwa na bustani nyuma ya jiko: mchicha, matembele, bamia na mnavu. Wenyeji wa uwanda ule wanajua maana ya bustani wakati wa kiangazi. Maji ni ya shida tangu enzi za mababu, waliposhuka mabondeni kuyafuata na kuyapandisha kichwani. Kwa hiyo mama alimwagilia mboga zake kwa maji yaliyokwisha kuosha vyombo, kikombe kwa kikombe. Nyuma yake alifuatana na mbwa wao, yule wa kulinda mihogo dhidi ya nguruwe mwitu.

Siku moja alfajiri mama alianguka uani. Mdomo ulikwenda upande, mkono na mguu wa kulia vikalegea, maneno yakapotea. Lilikuwa shinikizo la damu lililomletea kiharusi. Baada ya siku kadhaa hospitalini alirudishwa nyumbani, akalazwa.

Ndugu wa mume walishauri upesi: arudishwe kwa kaka zake, wamwuguze wenyewe. Mzee hakukubali, lakini pia hakukataa. Alifanya kama tajiri wa Injili. Uuguzi alimwachia mjukuu wao wa darasa la sita, ambaye akaacha kwenda shule. Yeye mwenyewe aliondoka asubuhi kwenda shambani, jioni akaenda barazani kucheza bao, na usiku akarudi kimya na kulala chumba cha pili. Hakumtukana mkewe, wala hakumnyima chakula. Alimzoea tu. Bustani ikakauka.

Baada ya wiki sita mama alipata kidonda mgongoni kwa kulala upande mmoja. Mzee hakukijua. Aliyekijua ni mbwa. Mnyama yule aliacha kwenda shambani, akawa analala kwenye mlango wa chumba cha mgonjwa, na kila alipofukuzwa alirudi. Jioni moja mzee alichukua fimbo ili amtoe, ndipo akasikia harufu, akaingia, akafunua shuka.

Aliniambia hivi siku niliyompelekea mama Komunyo Takatifu: "Padre, niliona haya. Mbwa huyu hakufunga ndoa na mama. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya altare."

Ndugu zangu wapendwa, sijasikia mahubiri mafupi zaidi juu ya Injili ya leo. Siku ya ndoa tunaahidi uaminifu wakati wa afya na wakati wa ugonjwa. Sehemu ya kwanza ya ahadi hiyo hata wasioamini huitimiza. Ni sehemu ya pili inayoonyesha kama tulisema kweli. Nabii Amosi, katika somo la kwanza, anawakemea wanaojinyoosha juu ya vitanda vya pembe za ndovu bila kuumia kwa maangamizi ya ndugu zao. Wako pia wanaojinyoosha juu ya vitanda vya kamba bila kuumia kwa ajili ya anayelala chumba cha pili.

Mzee alikwenda kwa muuguzi wa zahanati, akafundishwa kukisafisha kidonda na kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Mjukuu akarudi shule. Mzee akajifunza kupika uji, kwa kuwa wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Na asubuhi, jua likiwa bado pole, alimbeba mkewe na kumweka juu ya mkeka kando ya bustani. Mama hawezi kusema, lakini kwa mkono wa kushoto anaelekeza: hili tuta limwagiliwe, lile bado. Mzee mwenye miaka zaidi ya sitini anatii kama mwanafunzi. Kidonda kilifunga. Mkono wa kulia haujapona, na huenda usipone. Lakini nimeuona mchicha ule, nami nawaambieni kwamba katika nyumba ile ndoa inaendelea kufungwa kila asubuhi.

Sasa niseme jambo moja ili nisieleweke vibaya. Sifa niliyompa mbwa si ruhusa ya kumwacha alambe vidonda vya mgonjwa. Mate ya mbwa mwenye kichaa yana virusi vinavyoua, navyo hupenya kwa kuumwa na hata kwa kulambwa penye jeraha. Inatokea kwamba tarehe ya leo, 28 Septemba, ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Imewekwa siku aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895, yule mtaalamu wa Ufaransa aliyeanza kumkinga binadamu kwa chanjo ya ugonjwa huo mwaka 1885. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Usingoje dalili, kwa sababu dalili zikianza karibu hakuna anayepona. Na mbwa wako mpeleke achanjwe kila mwaka. Mzee wetu alimpeleka wake amefungwa kamba shingoni. Anayekulindia mihogo usiku kucha anastahili walau hilo.

Kadhalika shinikizo la damu halipigi hodi. Mtu anaweza kulima nalo miaka mingi bila kulijua. Pimeni. Aliyepewa dawa azimeze kila siku, hata akijisikia mzima, na chumvi ipunguzwe. Mkiona mdomo wa mtu umekwenda upande, mkono umeanguka au maneno yamevurugika, mkimbizeni hospitali saa ileile. Msipoteze muda kwa ramli.

Wapendwa, tajiri aliomba Lazaro atumwe kwa ndugu zake watano ili awaonye. Abrahamu akakataa: wanao Musa na manabii. Sisi tunao zaidi ya hao, tunaye Kristo aliyefufuka. Tena wengine tunaye mgonjwa ndani. Jioni ya leo, kabla ya kwenda barazani, ingia chumbani mwake. Keti. Mwite kwa jina lake. Mgeuze, mpe maji, mwulize anachotaka, na kama hawezi kusema, tazama mkono wake unaelekeza wapi. Nanyi kina baba, kazi hii si ya mabinti na wajukuu peke yao.

Ee Bwana Yesu, uliyegusa wagonjwa kwa mikono yako, utufungue macho tusiwazoee wanaoteseka karibu nasi. Uwape nguvu wanaouguza, na faraja wanaouguzwa.

Na awabariki Mungu Mwenyezi, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.