Kadi, karte, karatasi: neno moja lenye safari ndefu

 

Leo tumechagua neno moja tu, kwa sababu linatusumbua kila juma pale tunapopokea watu. Ni neno la Kiingereza ambalo wengi wenu mulirudi nalo kutoka Zambia: kadi. Kule Meheba, Kala ao Mwange, ulipokuwa ukisema kadi, mtu alifikiri chakula, kadi ya posho. Ukivuka Kasumbalesa neno linageuka karte, na maana inageuka pia. Mtu wa ofisi akikuambia "leta karte", hataki kujua nyumba yako ilipokea unga kiasi gani. Anataka karte ya uchaguzi, kwa kuwa hapa Kongo ndiyo imeshika nafasi ya kitambulisho tangu miaka mingi.

Tulimsindikiza mama mmoja mbele ya meza moja, hatutaitaja. Akatoa kadi yake ya posho, imefungwa vizuri ndani ya plastiki. Mwenye meza akasema: "Mama, hii haiko karte." Mama akajibu: "Baba, iko kadi, HCR ndio walinipatia!" Wote wawili walisema kweli. Lakini ni mama aliyerudi mikono mitupu, na mtoto wake hakuandikishwa siku ile.

Neno lenyewe limetembea kutushinda sisi. Wagiriki waliita khartes ule ukurasa uliotengenezwa kwa mafunjo ya Misri, jamaa ya yale yanayoota katika mabwawa ya Upemba. Walatini wakasema charta, Wafaransa carte, na Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa miaka 600 hivi iliyopita, kwanza kwa mchezo wa karata. Waarabu nao walitoa qirtas katika neno lile lile la Kigiriki, na hapo tukapata karatasi. Karata tuliipata kwa Wareno waliofika pwani. Hata katoni ni ya ukoo huo. (Waingereza wana card nyingine, ya kuchana sufu, inayotoka kwa jina la mmea wenye miiba. Sauti ni moja, ukoo ni tofauti. Hiyo tuiache, huku hatuchani sufu.)

Kadi nyekundu ya mpira, iliyoingia na Kombe la Dunia la Mexico 1970, vijana hawahitaji kufundishwa. Ila wazee wanajua nyingine: mwaka 1948 Wabelgiji walianzisha karte ya mérite civique, ya kupewa Wakongomani waliohesabiwa kuwa "wameendelea". Kipande kidogo cha karatasi, na tayari watu wa mtaa mmoja wamegawanyika.

Sasa tuje kwa mifuko yenu. Kadi ya posho inaonyesha nyumba ina watu wangapi, haisemi uraia. Fomu ya kurudi kwa hiari inaonyesha nani alirudi na nani, musiitupe hata kidogo. Kadi ya kliniki ya Zambia, ile munayoita anda-faivu, ina tarehe ya kuzaliwa na chanjo za mtoto: haiko akti ya kuzaliwa, lakini inasaidia sana kupata akti hiyo. Karte ya uchaguzi ni ya mtu mzima, na munajua zile za 2023: kwa watu wengi maandishi yalifutika, ikabidi kutafuta duplikata.

Mtoto yeye anahitaji akti ya kuzaliwa. Sheria inatoa siku 90 za kumwandikisha. Zikipita, lazima hukumu ya tribunali ya watoto, na hapo ndipo franga zinaisha na wazazi wanakata tamaa. Tunawaambia wafadhili wazi: shuguli hii haipendezi katika picha kama kugawa magunia, lakini bila akti mtoto anabaki kuhesabiwa mgeni katika nchi ya babu yake.

Jumamosi mulete yote muliyo nayo, hata yaliyopasuka. Ukiulizwa karte kabla ya siku hiyo, uliza kwanza: karte gani? Na mufike mapema, kwa sababu fotokopi inategemea umeme, na umeme wa Kasungami munaujua.